Korongo, Binti wa Yai na Kadi Nyekundu

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa leo, kwa kuwa jina la zamani lilifutwa Jumanne na jipya bado halijakauka kwenye mabango. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya amani, ina bendera, ina mawaziri arobaini na saba, na ina uhuru wa maoni, kitu ambacho majirani zake wengi hukisikia redioni tu.

Uhuru wenyewe uliletwa kwa barua. Wafadhili waliandika kwamba wamechoshwa na nchi ambayo kila jambo hupendwa na watu wote, asilimia mia, na kwamba wangependa kuona wananchi wakitofautiana kidogo. Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye hajawahi kuwanyima wananchi wake chochote walichoombewa na wageni, akatia saini Sheria ya Mgawanyo wa Maoni siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo jambo lolote la umma, liwe daraja, hotuba au ngoma, sharti lipendwe na watu sita katika kila kumi, lichukiwe na watatu, na mmoja asiwe na hakika. Ili watu wasigombee nafasi, maoni hugawiwa mlangoni kwa kadi. Kadi ya kijani ni ya kupenda, nyekundu ni ya kuchukia, na ya kijivu ni ya kutokuwa na hakika. Unatia mkono kikapuni bila kuchungulia, unaingia, na wakati wa kutoka unasema ulichopewa.

Aliyekishika kikapu hicho katika mji mkuu ni Bi Asteria Luhende, karani wa Idara ya Maoni, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasisukumane. Kwa miaka kumi na minane aliwagawia watu maoni na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Si kwamba alikatazwa. Makarani wa idara hawapewi kadi, basi, naye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Huko nyuma Mtukufu Mlezi aliota ndoto. Aliisimulia asubuhi mezani, mawaziri wakaiandika kwenye leso za karatasi, na kabla chai haijapoa ikaamuliwa kwamba taifa haliwezi kuendelea mbele pasipo kuiona ndoto hiyo kwa macho. Wachoraji mia mbili wakafungiwa kwenye jengo moja kwa miaka tisa wakiichora, picha baada ya picha, hadi ikawa filamu ya katuni ya saa tatu na dakika kumi. Iliitwa Korongo na Binti wa Yai.

Ni hadithi ya mapenzi. Korongo mmoja mwenye miguu ya binadamu na buti za kijeshi anampenda binti anayeishi ndani ya yai la kuchemsha, chini ya ziwa la uji. Kwa dakika arobaini na tano za mwanzo wanatazamana. Kisha yai linamenywa, binti anatoka akiwa amevaa gauni la maganda, na Mfalme wa Mbu anakuja kumchumbia kwa nguvu. Binti anajigeuza daraja ili mpenzi wake avuke mto akimbie naye. Korongo anafika, anaona kwamba ili avuke itabidi amkanyage, anakataa. Anasimama ukingoni hadi anazeeka. Mwishoni Jaji Mkuu, ambaye ni kambare, anamwozesha korongo kwa daraja, na wote wanaimba wimbo wa taifa.

Mtu mmoja aliicheka. Katika onyesho la majaribio kwa wafanyakazi wa reli, wakati yai likimenywa na ukumbi mzima ukijifuta machozi kwa mujibu wa kadi, fundi breki mmoja alipasuka kwa kicheko, kisha akauliza kwa sauti kwamba hivi yule korongo amevaa buti za nani. Kila mtu katika nchi ile alijua ni nani anayevaa buti za namna ile, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Kadi ya fundi ilikuwa ya kijani. Akashtakiwa kwa kosa la kuchukia bila kadi, akafungwa miaka mitano, na juu ya kifungo hicho ikaamriwa aitazame filamu hiyo mara mbili kila siku, asubuhi na alasiri, mpaka imwingie.

Fundi huyo alikuwa Nehemia, mdogo wake Asteria. Wazazi wao walikwisha kufa, naye ndiye ndugu pekee aliyembakia. Asteria alimlea tangu akiwa na miaka sita, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Alikwenda kwa mkurugenzi wake, Daktari Gwandumi, mtu ambaye udaktari wake ulikuwa wa makofi: aliandika kitabu juu ya namna ya kupiga makofi. Daktari alimsikiliza, akasafisha miwani yake, akamwambia kwamba uzinduzi wa filamu umekaribia. Maoni yakitoka sita kwa tatu kwa moja, bila mkwaruzo, yeye mwenyewe atalipeleka ombi la msamaha mezani kwa Mtukufu. Yakitoka vingine, Asteria atafute kazi ya kugawa kitu kingine. Asteria alikwenda nyumbani akazihesabu kadi mia sita mara kumi na moja.

Maandalizi yalichukua mwezi. Watu waliotarajiwa kupenda walifundishwa kulia kwa zamu, safu za mbele zikianza. Waliotarajiwa kuchukia walipewa karatasi yenye Kasoro Zilizoidhinishwa, nazo zilikuwa tatu: kwamba filamu ni fupi mno, kwamba viti havikuwekwa karibu kiasi cha kutosha na kioo, na kwamba Binti wa Yai, pamoja na uzuri wake wote, hamfikii Mama Mlezi, mke wa Mtukufu. Muuza nyama mmoja katika mazoezi aliongeza ya nne, kwamba hadithi yenyewe haieleweki. Alichukuliwa kwenda kueleweshwa.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi saa nane mchana, mia sita walipanga foleni kwa suti na vitenge. Mjumbe wa wafadhili alikaa karibu na mlango na daftari lake, kamera za televisheni zikionyesha moja kwa moja. Asteria alisimama na kikapu chake cha ukindu. Pembeni yake Daktari Gwandumi alishika kikapu cha fedha kilichokuwa na kadi kumi, zote za kijani, maalumu kwa mkono mmoja tu.

Mtukufu Mlezi alifika, mwenye tumbo na mwenye haya kidogo, kama watu wanavyokuwa siku watu wengine wanapotazama kitu chao cha moyoni. Daktari akainama na kikapu cha fedha. Mtukufu akawaona wapiga picha, akamwona mjumbe na daftari lake, akapata wazo. Aliusukuma mkono wa Daktari kando na kutangaza kwamba yeye ni mwananchi wa kawaida na atachukua maoni ya kawaida. Akautia mkono wake kwenye kikapu cha ukindu, akauzamisha hadi chini, hata Asteria akahisi kikapu kikizama kwa uzito wake. Akaitoa kadi na kuinyanyua juu bila kuitazama, kwanza kwa kamera za kushoto, halafu kwa za kulia.

Ilikuwa nyekundu.

Daktari Gwandumi alinong'ona kwamba katika mwanga fulani rangi hiyo ni ya kijani. Lakini mjumbe alikwisha kuiandika, na nchi nzima ilikwisha kuiona. Mwanasheria Mkuu aliitwa faragha, na faragha iliyopatikana ilikuwa choo cha wanaume. Alikaa humo na Katiba kwa robo saa. Tatizo lilikuwa hili: Sheria ya Mgawanyo inasema mtu atashika maoni aliyoyachukua, na Ibara ya Kwanza ya Katiba inasema hakuna mtu atakayekuwa na maoni yanayopingana na ya Mtukufu Mlezi. Kasoro Zilizoidhinishwa hazikuwahi kuipinga kadi yake ya kijani, kwa kuwa zilikuwa sifa tu, lakini kusifu mbele ya nyekundu yake ni kumpinga. Mwanasheria Mkuu alitoka na jasho shingoni, akatangaza kwamba sheria zote mbili zimeheshimiwa, na kwamba kwa mchana huo kadi zote ukumbini ni nyekundu.

Asteria akatumwa kupita safu kwa safu kuzikusanya kadi za kijani na za kijivu. Hajawahi kuona watu wakitoa kitu upesi namna ile. Waziri wa Uvuvi alimrushia ya kwake kabla hajamfikia. Bibi mmoja mwenye shanga alimshika mkono na kumbusu. Kila uso aliouinamia ulikuwa umefunguka, na kila uso ulivyozidi kufunguka ndivyo Asteria alivyozidi kuwachukia, kwa sababu sita kwa tatu kwa moja ilikuwa imekufa, na mdogo wake alikuwa akifa nayo. Alikaa kwenye ngazi na kikapu mapajani, akaitazama filamu yote bila kuona kitu.

Taa zilipowashwa, Mtukufu Mlezi ndiye aliyetangulia kwenye kipaza sauti, kama itifaki inavyotaka. Alitabasamu. Alikwisha kuchagua kasoro ndogo kuliko zote.

"Filamu hii," alisema, "ni fupi mno."

Alingoja wacheke. Badala yake Waziri wa Uvuvi akasimama. Alisema kwamba Mtukufu amesema kweli ila kwa ukarimu wake ameificha. Filamu si fupi, ni ndefu, na ni mbaya. Yeye binafsi alidhani amekufa dakika ya hamsini, akafarijika. Akafuata mkuu wa majeshi, akasema kwamba katika vita vyote alivyopigana hakuwahi kuonewa kama alivyoonewa na lile ziwa la uji. Profesa mmoja wa fasihi, aliyekwisha kuandika kitabu kizima cha kuisifu filamu hiyo kabla haijachorwa, alisema haina kichwa wala miguu, isipokuwa miguu ya korongo ambayo ingekuwa afadhali isiwepo. Watu wakaanza kusimama bila kuitwa. Walisema wimbo unaumiza meno. Walisema kambare hawezi kuwa jaji, kisha wakamtazama Jaji Mkuu na kusema labda anaweza. Miaka kumi na minane ya kadi za kijani ilikuwa ikimwagika, na hawakuwa na namna ya kuizuia.

Ajabu ni kwamba hata katika chuki waligawanyika. Wapo walioshikilia kwamba uovu wote uko kwenye yai, maana korongo angeweza kuvumilika kama angependa kitu chenye miguu. Wapo walioshikilia kwamba yai halina kosa, tatizo ni korongo. Safu za kushoto zikawazomea wa kulia, katibu mkuu mmoja akampiga mwenzake kwa programu ya uzinduzi iliyokunjwa, na mjumbe wa wafadhili akaandika kwa furaha kwamba hajawahi kuona mjadala hai kama huo.

Halafu Mama Mlezi akasimama, na kelele zikaisha.

"Mume wangu," alisema, "miaka thelathini na moja kila asubuhi unanisimulia ndoto zako, na mimi nakuongezea chai. Leo nina kadi. Hakuna hata moja iliyowahi kunipendeza."

Akakaa na kuiweka sawa kanga yake mabegani. Mtukufu alikuwa bado ameshikilia kipaza sauti. Aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya hotuba, kama kuna yeyote aliyependa hata kipande kimoja. Hakuna aliyejibu, kwa sababu Ibara ya Kwanza ilikuwa wazi. Asteria, aliyekuwa karibu naye kuliko wengine, aliuona mdomo wake ukitetemeka, akashangaa kwamba ana mdomo wa kutetemeka.

Kesho yake magazeti yote yalitoka na kichwa kimoja: TAIFA LACHUKIA. Kuichukia filamu kukawa wajibu, kukaingia kwenye mtaala wa darasa la nne, na wachoraji mia mbili wakafungiwa tena kwenye jengo lao, safari hii wafute. Nakala zote zikachomwa uwanjani, isipokuwa moja ya gerezani, ambayo ilikuwa mali ya wizara nyingine na ilihitaji fomu ambayo haijachapishwa.

Ndipo mtu fulani ofisini akakumbuka kwamba yupo raia aliyeichukia filamu hiyo miezi minane kabla ya Mtukufu mwenyewe. Mwanasheria Mkuu akarudi chooni, akatoka na jibu kwamba huyo si mhalifu bali ni mtangulizi. Nehemia Luhende akapewa cheo cha Mchukiaji wa Kwanza wa Taifa, na ikatangazwa kwamba Ijumaa saa nne asubuhi, katika ukumbi uleule, atavishwa nishani, atasema neno moja mbele ya kamera, kisha atakwenda nyumbani akiwa huru. Daktari Gwandumi alimpigia simu Asteria kumwambia kwamba jambo hilo alilipanga yeye tangu mwanzo.

Asteria alilipiga pasi shati la mdogo wake hadi kola ikasimama yenyewe. Ijumaa asubuhi alimpokea kwenye lango la gereza. Nehemia alikuwa amekonda, na alitembea kama mtu aliyesahau barabara zilivyo pana. Alimwamkia, akamkumbatia, na kabla ya jambo lolote akamwuliza kama ni kweli wamezichoma. Asteria akasema ni kweli, nchi nzima imeungana naye. Nehemia hakufurahi. Wakapanda gari la idara.

"Dada, mimi siwezi kusema nimeichukia," alisema gari lilipoondoka.

Asteria alidhani ni woga. Alimweleza kwamba sasa kuchukia hakuna hatari, kila mtu anachukia, Mama Mlezi anachukia. Neno ni moja tu. Aliseme, wavuke barabara, nyumbani amemwekea maharage ya nazi. Alimsihi kwa jina lake la utotoni. Nehemia akasema atajaribu.

Ukumbi ulijaa, na Asteria akasimama mlangoni na kikapu chake, safari hii kina kadi nyekundu tupu. Mtukufu Mlezi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, kichwa chini, kama alivyokuwa tangu siku ile. Nishani ikapachikwa kwenye shati lililopigwa pasi. Kipaza sauti kikasogezwa.

"Siku ile nilicheka, ni kweli," alisema Nehemia. "Nilikuwa sijaiona vizuri. Kule ndani nimeitazama mara mia nne na themanini. Kule ukuta ni wa kijivu, sare ni za kijivu, na chakula ni cha kijivu. Kitu chenye rangi ni hicho kimoja. Pale korongo anapokataa kumkanyaga yule binti, akasimama ukingoni hadi anazeeka, mimi nalia kila mara. Hakuna aliyewahi kukataa kunikanyaga mimi. Naipenda. Nisamehe, dada."

Watu mia sita walishusha macho kwa pamoja, kila mmoja akitafuta kitu sakafuni. Mtu mmoja tu aliyainua. Mtukufu Mlezi alishuka kwenye kiti chake kirefu, akapita katikati ya walinzi, akasimama mbele ya Nehemia karibu mno, zaidi ya itifaki inavyoruhusu.

"Unalia kweli?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Hata mara ya mia nne?"

"Hiyo ndiyo nililia zaidi."

Mtukufu alitoa leso akajifuta uso wote. Asteria aliiona nafasi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliacha kikapu sakafuni akaenda mbele bila kuitwa. Alipiga magoti. Alisema kwamba kadi ni karatasi tu, amezigawa miaka kumi na minane, anazijua, hazina kitu ndani. Alisema mdogo wake ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyesema alichonacho moyoni, na Mtukufu mwenyewe anajua. Amwachie.

Mtukufu alimsikiliza hadi mwisho, na machozi yalikuwa bado yanamtoka. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kuitoa kadi yake nyekundu, iliyokwisha kupinda kwenye pembe. Alisema kwa upole kwamba maoni yake yanajulikana, na huyu ameyapinga hadharani. Sheria aliitia saini mwenyewe. Akaamuru Nehemia arudishwe gerezani, kwa kosa la kupenda bila kadi. Nishani aliachiwa, kwa sababu fomu ya kuirudisha haikuwepo.

Tangu siku hiyo Asteria anaandika maombi ya msamaha. Amekwisha kupeleka kumi na saba. Hafanyi tena kazi mlangoni, siku hizi anagonga mihuri ghalani, lakini kila Ijumaa alasiri anachukua ruhusa na kwenda gerezani na chakula kwenye hotipoti, na kila Ijumaa anaambiwa angoje. Ijumaa ya mwisho alimkuta mkuu wa gereza mwenyewe, aitwaye Afande Mbonde, amesimama mlangoni pa chumba cha filamu na kofia yake kwapani. Uani paliegeshwa gari refu jeusi lisilo na namba. Nyuma ya mlango ulisikika wimbo wa korongo, na watu wawili wakipenga kamasi.

Asteria aliuliza kama maombi yake yanafika.

"Yanafika, Bi Asteria," alijibu Afande Mbonde, naye hakuweza kumtazama. "Mtukufu anayasoma mwenyewe, moja baada ya jingine. Ila mdogo wako hatoki, dada yangu, usijichoshe. Mzee hana mtu mwingine wa kutazama naye."